Unga Uliosimama

Wasomaji wangu wana swali moja, nao huliuliza wakitabasamu: hao viumbe wako unawatoa wapi? Naandika vitabu vya nchi zisizokuwepo. Kuna nchi iliyo chini ya ukungu, ambako watu waliochukuliwa wanalima mashamba ya mabwana wasiowajua. Kuna ukingo wa dunia, na njia ya udongo mwekundu inayoshuka kutoka hapo ukingoni. Huwa najibu kwa mkato kwamba nimezaliwa Makote, Newala, na mwenye macho aende akajionee. Watu wanacheka, nami nacheka nao, kwa sababu jibu lenyewe si la kutolewa mbele ya kipaza sauti.

Makote iko juu. Sisi wa uwanda wa juu tunalima korosho, mihogo na mbaazi, lakini maji yapo chini. Nilipokuwa mdogo pampu ya kijiji ilikuwa mgonjwa wa kudumu, ikifanya kazi wiki mbili inalala miezi miwili. Hapo tulishuka gengeni, kwenye mteremko mkali wa ukingo wa uwanda, na ndoo mpaka chemchemi, tukapanda nazo kichwani, shingo zikiuma. Asubuhi bonde la Ruvuma hujaa ukungu mpaka mdomoni, huoni mto wala milima ya Msumbiji ng'ambo. Niliamini kabisa kwamba ile ni ardhi nyingine, nyeupe, na kwamba mtu akiteleza ataangukia shambani kwa watu.

Aliyenieleza ni watu gani wanaoishi huko ni bibi mmoja jirani yetu. Hakuwa bibi yangu wa damu, lakini kwetu kila mwanamke mwenye mvi ni bibi yako na ana haki ya kukuchapa. Alikuwa mjane, na mtoto wake mmoja tu, binti, aliolewa mbali kule Chiwata. Mikorosho yake ilikuwa kando ya njia ya maji. Yeye mwenyewe alikaa barazani mchana kutwa akibangua korosho, na mafuta ya maganda yalikuwa yameunguza vidole vyake vikawa vyeusi hadi kwenye kiganja. Tulipokuwa tukipanda na ndoo, tulizitua pale kwake tukapumzika.

Kwetu hadithi husimuliwa jua likishazama. Ukisimulia mchana utaota pembe. Bibi yule alikuwa na dawa yake: alichukua kijiti cha bua la mtama, akakichomeka kwenye nywele zake, akasema pembe yangu ndiyo hii, nyingine haina pa kuota. Kisha anaanza: "Niliona kwa macho yangu." Sisi tunajibu kwa pamoja: "Macho ya nani?" Naye: "Ya hadithi, wajukuu zangu." Msipojibu, anaendelea kubangua korosho zake kama vile hampo.

Hadithi yake kubwa ilikuwa ya ndondocha. Nyote wa kusini mnaijua: mtu anadhaniwa amekufa, kumbe mchawi kamchukua, na kaburini kimezikwa kipande cha mgomba. Aliyechukuliwa hasemi. Anakula pumba, analima, anafagia, hajui jina lake. Lakini bibi aliongeza kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa mtu mwingine. Alisema ndondocha akionja chakula kilichopikwa na kutiwa chumvi, anaikumbuka njia ya kwao. Dada yangu alikuwa akiniminya mkono hapo kila mara, ingawa alikuwa na miaka kumi na minne na alijifanya amekua.

Dada alikufa kwa kipindupindu mvua za kwanza zilipoanza. Alfajiri aliamka anatapika, saa sita mchana macho yalikuwa yamezama, alasiri wakamchukua kumpeleka kwenye kambi ya wagonjwa. Kesho yake tukaletewa habari. Wahudumu walimzika wenyewe, wamevaa mabuti na glavu, wakanyunyiza dawa juu ya kila kitu. Hapakuwa na kuosha wala kufunua uso. Na mama yangu alikuwa mwoshaji. Wanawake wote waliokufa kijijini kwetu waliondoka duniani kupitia mikononi mwake, na alizikumbuka nyuso zao moja moja. Uso wa mwanawe ndio pekee ambao hakuuona.

Akalala kwenye mkeka, akageukia ukutani. Wanawake walikuja, wakasema naye, wakaondoka. Uji ulipoa kando yake ukaota ngozi. Siku ya tano au ya sita niliona mifupa ya mgongo wake chini ya khanga nikajua kwamba na huyu anakwenda. Nilikuwa na miaka tisa. Sikuwa na kitu cha kumpa ila kile nilichokuwa nacho.

Nikamwambia: "Mama, niliona kwa macho yangu."

Hakuuliza macho ya nani.

Nikasema nimemwona dada anafagia chini ya mikorosho ya bibi. Sikuichagua mikorosho ile kwa ubaya. Shamba la bibi lilikuwa limefagiwa kila asubuhi, safi kama sebule, na hakuna aliyepata kumwona mfagiaji, kwa sababu ajuza yule aliamka kabla ya majogoo. Watu wazima walishaanza kunong'ona: nani anamfagilia? Mimi niliyaokota tu maneno yao nikayashona na ya bibi mwenyewe. Mama akageuka. Akauliza, kwa sauti iliyokauka, "Kavaa nini?" Nikasema gauni la kijani lenye kiraka kwapani. Akauliza, "Kakonda?" Nikasema kidogo. Akaketi. Akasema nimletee uji.

Nilikimbia jikoni mpaka nikajikwaa. Sitaki kujifanya mwema hapa: nilifurahi. Sijawahi tena kufurahi vile kwa ajili ya kitu nilichotunga, na nimeshatunga vingi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mama alimwambia kaka yake, na kwetu mjomba ndiye mwenye ukoo. Baba alikaa pembeni akachezea kofia yake. Mjomba alinihoji mara tatu. Mara zote tatu gauni lilikuwa la kijani. Hata hivyo hakuwa mtu wa pupa, namtendea haki marehemu. Alisema jambo hili ni zito, tutawauliza wenyewe, wazee wetu waliokufa. Sisi ni Waislamu, tunaswali na tunafunga, na unga tunaumwaga, usituulize sana. Alichukua unga wa mtama mweupe, akaenda nao kwenye mti wa tambiko nyuma ya nyumba yake, akaumimina taratibu kutoka kwenye kiganja mpaka ukajenga kilima kidogo chenye ncha. Akasema maneno yake kwa Kimakonde. Akaufunika kwa chungu. Asubuhi ukikutwa umesimama, wazee wamekubali kwamba mtoto amesema kweli. Ukikutwa umeporomoka, mtoto ni mwongo.

Alfajiri nilitumwa maji kama siku zote. Njia ilipita palepale. Nikatua ndoo, nikainua chungu.

Unga ulikuwa umeanguka. Ulikuwa umelala upande mmoja, ncha haipo. Nilisimama pale nikiwaza fimbo ya mjomba, nikamwaza na mama jinsi atakavyorudi ukutani. Nilipiga magoti. Nikaukusanya unga kwa vidole, nikaupandisha, nikauchonga ncha. Kilima changu kilikuwa kizuri kuliko cha mjomba. Nikafunika, nikaenda kuchota maji, na ukungu ulikuwa umejaa bondeni kama kawaida yake.

Saa mbili wakafunua mbele ya watu. Ulikuwa umesimama.

Hawakumuua bibi. Nalisema mapema kwa sababu najua msomaji anachongoja, na kwa sababu miaka mingi nilijituliza kwa neno hilo. Walimtoa nyumbani mwake, wakaikagua nyumba, hawakuona mtu, na kutoona mtu kukawa ushahidi mwingine. Vidole vyake vyeusi wakaviinua juu watu waone. Kijana mmoja akatia kiberiti kwenye paa. Wakampa njia ya Chiwata, aende kwa binti yake na asirudi. Alikuwa na sufuria ya ming'oko jikoni, ile mizizi ya porini tunayoichimba na kuichemsha, na aliiacha ikitokota. Alipita mbele yangu nimejificha kwenye khanga ya mama. Akasimama. Hakulia wala hakunilaani.

"Kijiti hukuchomeka, njukuu wangu," alisema.

Kisha akaondoka na fimbo yake. Watu wazima walidhani ameanza kuchanganyikiwa.

Tangu siku ile mama alianza kuweka sahani. Kila Alhamisi jioni alipika, akatia chumvi, akaibeba mpaka kwenye shamba lile lililobaki bila mwenyewe, akaiweka kwenye njia chini ya mikorosho. Asubuhi alikuta sahani tupu. Kima wetu hawana adabu, mbwa wetu hawana mwenyewe, na kila aliyekuwa na akili alijua nani anakula. Lakini hakuna aliyethubutu kumwambia mama, sembuse mimi. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu. Nilimaliza shule, nikapata kazi Masasi, baba akafa, mjomba akafa, nami nikaanza kuandika usiku kwa sababu mchana nafundisha. Kitabu cha kwanza kilikuwa na bibi mwenye vidole vyeusi anayelinda mlango wa nchi ya ukungu. Nilimfanya malkia. Niliona nimemlipa. Mtu akisema kuandika kunatakasa moyo, mwambie aje tuongee.

Mwaka jana mguu wa mama ulipata kidonda. Kilianza kwenye kidole kidogo, na kwa kuwa ana kisukari hakikupona, kilipanda. Nilipokwenda kumwona, harufu ilinipokea mlangoni kabla yake. Daktari wa Masasi nilimwonyesha picha kwenye simu, akaniambia bila kuzunguka kwamba asipoletwa wiki ile tutamzika. Nikakodi gari, nikapanda Newala. Mama alikuwa ameketi kwenye ngozi yake ya kuswalia, mguu umefungwa kitambaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hilo gari lirudi tu. Mimi siendi."

"Mama, mguu unaoza."

"Nauona, ni wangu. Sahani nani ataweka?"

Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara mbili. Nilikuwa nimeandika kurasa mia tatu juu ya mama anayengoja ukingoni, wasomaji wamelia, na mama mwenyewe anaoza mbele yangu kwa sababu ya sentensi moja niliyoitamka nikiwa na miaka tisa. Nikarudi ndani, nikaketi chini, nikasema yote. Nikasema sikumwona dada. Nikasema dada alikufa siku ile waliyotuambia. Nikasema na habari ya unga, jinsi nilivyoukuta umeanguka na nilivyousimamisha.

Mama alikuwa akivuta uzi kwenye ukingo wa khanga yake. Aliuvuta mpaka ukakatika.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Vidole. Kaka alipofunua chungu, watu waliona kilima. Mimi nilikuwa nimechutama karibu. Niliona vidole vya ntoto kwenye unga, vinne, vidogo. Nani mwingine kijijini alikuwa na vidole vile na sababu ile?"

Niliuliza mbona alinyamaza.

"Nilitaka iwe kweli. Mpaka jioni ile nilitaka. Halafu nikaona moshi wa nyumba ya yule mama, nikajua nimetaka kitu kibaya, na watu walikuwa wamekwisha kwenda mbali. Ningesema, wangekugeukia wewe."

"Na sahani?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi mzito. "Dada yako amekufa, ntoto wangu. Wafu hawali. Sahani ni ya yule bibi. Aliondoka hajala, sufuria iko motoni. Naiweka kwenye njia aliyoondokea."

Miaka yote ile nilimhurumia mama yangu kwa ujinga wake. Nilimwandika mjinga, tena kwa lugha nzuri. Niliona aibu iliyonishuka mpaka miguuni, na nilikasirika pia, siwezi kuficha, kwamba tulibeba mzigo mmoja nyumba moja kila mtu kivyake.

Nikamwambia basi twende Masasi, sahani imekwisha. Akasema atakwenda, kwa sharti moja: tupitie Chiwata kwanza. Chiwata si njiani, na dereva alinung'unika, lakini alipouona mguu alinyamaza. Mama alibeba unga wa mtama kwenye mfuko wa plastiki mapajani mwake. Tulishuka kutoka uwandani, majabali ya Masasi yakaanza kuonekana kule mbele, meusi, yamesimama peke yake kwenye tambarare. Katika vitabu vyangu majabali hayo ni majitu yaliyosinzia. Siku hiyo yalikuwa mawe.

Binti wa bibi bado yupo, mwanamke wa umri wa mama, anafagia chini ya mikorosho kwa ufagio wa vijiti. Mama alimtajia kijiji tulichotoka, basi, hakuongeza. Mwanamke yule aliacha kufagia. Nilitegemea matusi. Alisema tu kwamba mama yake alishakufa zamani, na jina la mchawi alilopewa Makote lilimfuata mpaka Chiwata, hata wazee wakakataa asizikwe makaburini na watu. Yupo pale, alisema, akaonyesha kwa kidevu mwisho wa shamba, chini ya mkorosho wa mwisho. Kaburi halikuwa na kitu ila mawe manne.

"Hadithi alizisimulia?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Hapana," alisema. "Tangu alipokuja huku hakusimulia hata moja. Wajukuu walimwomba mpaka wakachoka."

Mama aliomba msaada tukamshusha hadi kaburini. Aliumimina unga mwenyewe, ukajenga kilima chembamba. Alisema kwa Kimakonde, kwa sauti ya kawaida, kwamba sisi ni wale wawili, mmoja alisema uongo na mmoja aliuona akanyamaza, na kama anaweza kutusamehe aache unga usimame. Mwenye nyumba alileta chungu bila kuombwa, akafunika, akaturuhusu kulala kwenye chumba cha mahindi. Hakutupa chakula, na hatukukitegemea.

Asubuhi mama hakuweza kusimama. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, na mimi tayari nilikuwa nimemwita dereva. Mama alikaa kwenye mkeka mlangoni, macho yake hayaoni mbali siku hizi. Akaniambia niende nikafunue.

Nilikwenda peke yangu. Mwenye shamba alikuwa ndani. Nikapiga magoti kwenye majani makavu ya mkorosho, nikainua chungu.

Unga ulikuwa umeanguka. Ulikuwa umelala upande mmoja, ncha haipo, vilevile kama siku ile.

Vidole vyangu vilikwisha kujikunja vyenyewe. Nisingechukua hata dakika moja. Mama asingeweza kuja kutazama, na ningempa kitu cha kwenda nacho chumba cha upasuaji, na angekipokea, na safari hii asingeona vidole vya mtu.

"Umesimama?" mama aliita kutoka mlangoni.

Niliiweka mikono nyuma ya mgongo, nikaushika mmoja kwa mwingine.

"Umeanguka, mama."

Dereva alikuwa amewasha gari, na kule ndani ufagio ulisikika ukianza kufagia sakafu.

"Haya," alisema mama. "Njoo unisaidie kuinuka."